AI ya kutazama mji au AI ya kubuni mji: ukitaka mji wa kijani uanze na ipi?

Watu wengi wakisikia akili bandia (AI) inasaidia kupanga miji ya kijani, picha inayowajia ni kompyuta inachora mji mpya wenye bustani kila kona alafu wakubwa wanasaini. Kumbe chini ya jina hilo moja kuna vitu vinne ambavyo havifanani kabisa, kila kimoja kina kazi yake na kina pa kukosea, na anayechagua bila kuvitenganisha anaishia kulipia kitu kizuri ambacho hakijibu swali lake. Naviweka hapa bega kwa bega. Namwandikia mtu mwenye kazi mkononi, yuko idara ya mipango miji, au anasomea fani hiyo, au ni kikundi cha wakazi kinachotaka kwenda halmashauri na ushahidi.

Kuna AI inayotazama, hii inasoma picha za satelaiti, za ndege au za barabarani na kukuambia miti iko wapi, lami iko wapi, joto limejaa wapi. Kuna AI inayobuni, unaipa eneo na masharti, yenyewe inakupangia majengo, njia na bustani. Kuna AI inayoendesha mji ambao tayari upo, mfano mataa ya barabarani. Na kuna chatiboti, ile unayoiandikia maswali. Pembeni ya zote nne zipo njia zisizo na AI hata chembe, na hizo nazo nitazipanga kwenye mstari mmoja na wenzao kwa sababu mara nyingine zinashinda.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema: anza na inayotazama, na usiiamini mpaka uikague kwa macho yako mwenyewe. Inayobuni ije baadaye sana, na miji mingi haitaihitaji.

Inayotazama: angalia pikseli kwanza

Ramani za aina hii zimekuwa nyingi miaka ya karibuni. Google walianza na Tree Canopy Lab jijini Los Angeles mwaka 2020, mwaka 2022 wakatoa Dynamic World wakishirikiana na World Resources Institute, na mwaka 2024 Meta na hao hao World Resources Institute wakatoa ramani ya urefu wa miti ya dunia nzima. Ukizitazama kwa mbali unaona zinafanya kazi moja. Hapana. Dynamic World inatumia picha za satelaiti za Sentinel-2 na pikseli yake, yaani kile kipande kidogo kabisa cha picha, ni mita 10 kwa 10, ile ya Meta pikseli yake ni mita 1.

Hebu ingia ndani ya pikseli moja ya mita 10. Hizo ni mita za mraba 100, na kwenye mtaa uliobanana mle ndani unakuta nusu ya mti mmoja wa kivuli, kipande cha paa la bati, kichochoro, na ukingo wa barabara, vyote pamoja, na mashine inatakiwa iseme neno moja tu. Itasema jengo. Mti umepotea hapo, na haujapotea kwa bahati mbaya, umepotea kwa sababu ndivyo kipimo kilivyo. Alafu nenda kwenye uwanja wa gofu, pikseli zote zinaonekana kijani safi. Kwa iyo ukitumia ramani ya mita 10 kulinganisha mitaa, mitaa yenye miti mojamoja kwenye nyua itaonekana haina kitu, na maeneo makubwa ya nyasi zilizokatwa yataonekana ndio yanaongoza, wakati mtu anayetembea saa saba mchana anajua kivuli kiko wapi.

Basi watu wanasema twende na ya mita 1 tumalize. Ni nzuri sana kuona mti mmoja mmoja, lakini imeunganishwa kutoka picha za miaka tofauti tofauti iliyopita, mtaa huu mwaka huu, mtaa ule mwaka mwingine. Haiwezi kukuambia kama miche ya mwaka jana imepona. Sentinel-2 inapita juu ya eneo lile lile kila baada ya siku 5 hivi, na picha zake ni bure, kwa iyo kufuatilia mabadiliko, kama eneo oevu linafukiwa au msitu wa pembezoni unakatwa, hapo ya mita 10 inaishinda ya mita 1 vizuri tu. Ukitaka kuhesabu miti chukua pikseli ndogo, ukitaka kufuatilia mwenendo chukua satelaiti inayorudi mara kwa mara, na mtu akikuambia ramani yake moja inafanya yote mawili mwombe akuonyeshe tarehe za picha.

Kuna upande ambao satelaiti haiwezi kabisa, nao ni macho ya mtu aliyesimama chini. Bustani kubwa nyuma ya ukuta mrefu inahesabiwa ni kijani cha mtaa, lakini mpita njia hapati hata jani. Maabara ya Senseable City ya MIT mwaka 2016 walikuja na Treepedia, wakapima kijani kwa picha za barabarani za Google Street View, yaani kile anachokiona mtu akiwa barabarani. Naipenda hii kwa sababu inapima kitu kinachomgusa mtembea kwa miguu. Udhaifu wake ni kwamba inajua tu pale gari la kamera lilipopita, vichochoro visivyopitika kwa gari havipo kwenye hesabu, na huko ndiko watu wengi wanakoishi.

Joto nalo. Picha za joto za satelaiti za Landsat ni bure na watu wanazitumia sana kuonyesha mitaa inayochemka, ila kumbuka zinapima joto la uso wa kitu, hazipimi hewa unayoivuta. Kihisi chake cha joto kinaona vipande vya mita 100, kwa iyo usiitumie kubishana kuhusu kiwanja kimoja. Na bati tupu lisilopakwa rangi linaweza kuonekana la baridi kuliko lilivyo, kwa sababu linatoa mnururisho kidogo wa joto hata likiwa linaunguza mkono. Mtaa mzima wa mabati unaweza kupata alama nzuri namna hiyo, na watu wake wako ndani wanatoka jasho. Vipimajoto vichache vya kawaida vilivyofungwa kivulini, mtaa huu na mtaa ule, vitakuonyesha kama ramani inasema kweli.

La mwisho kwenye kundi hili ni darasa ambalo mashine ilisomea. Programu ya DeepForest ya kutambua vilele vya miti ilifunzwa kwa picha za misitu ya Marekani. Ni programu ya wazi na unaweza kuifunza upya kwa picha zako, lakini ukiichukua kama ilivyo ukaipeleka kwenye minazi na migomba usitegemee ifanye vile vile.

AI inayotazama na nukta za i-Tree Canopy

Huu ndio ulinganisho ninaotaka usiuruke. i-Tree ni programu za bure zilizotolewa mwaka 2006 na idara ya misitu ya Marekani pamoja na washirika wake, na moja kati yake inaitwa i-Tree Canopy. Haina AI unapofanya kazi nayo. Unachora mpaka wa eneo, programu inatupa nukta kiholela juu ya picha ya angani, wewe unabofya: mti, nyasi, paa, lami, maji. Nukta ya kwanza imeangukia katikati ya paa, rahisi. Ya pili iko ukingoni mwa matawi, unavuta picha karibu, unaamua mti. Ya tatu iko kwenye kivuli cha ghorofa, hujui kama chini ni nyasi au lami, unafungua picha za zamani za Google Earth mpaka upate ile jua lilikuwa upande mwingine. Inachosha. Lakini kila jibu umeliona wewe.

Na ukimaliza unajua umekosea kwa kiasi gani, hiki ndicho ramani nyingi za AI hazikupi. Tuseme umebofya nukta 500 na asilimia 20 zimekuwa miti. Kosa la makadirio ni kama asilimia 1.8, na ukiweka karibu mara mbili ya kosa hilo kila upande, ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 16 na nusu na 23 na nusu hivi. Ukiongeza nukta zikafika 1,000 kosa linashuka hadi kama 1.3. Sasa mtu akisimama kwenye kikao akasema miti yetu imepanda kutoka asilimia 20 hadi 21 kwa nukta 500, hiyo sio habari, ni mtikisiko wa kipimo tu.

Nukta zinakuambia kiasi gani, hazikuambii wapi. AI inakuambia wapi, bila kukuambia imekosea kiasi gani mtaani kwako. Kwa iyo usichague moja. Chukua ramani ya AI ya bure, tupa nukta juu yake kwenye mtaa uliobanana na kwenye mtaa wenye nafasi, linganisha nukta kwa nukta na ramani inasema nini, na hapo utajua kama uiamini. Kazi hiyo inawezekana kwa watu wawili wenye kompyuta na intaneti ya kawaida, na itakuokoa usije ukapeleka miche mahali ambapo miti ipo tayari ila mashine haikuiona.

Kitu ambacho zote mbili hazikiwezi ni afya ya mti. New York mwaka 2015 walihesabu miti ya barabarani kwa kutembea, watu wa kujitolea zaidi ya 2,200 walishiriki, wakapata zaidi ya miti 660,000 na kwa kila mmoja wakaandika aina, unene wa shina na hali yake. Hakuna satelaiti inayokupa unene wa shina uliofunikwa na matawi wala zege lililobana mizizi. Kama unapanga matunzo, watu waende chini ya mti.

Inayobuni: swali lako limekaa sawa?

Hapa ndipo maonyesho yanapopendeza zaidi. Spacemaker ya Norway ilinunuliwa na kampuni ya Autodesk mwaka 2020 na mwaka 2023 ikapewa jina la Forma, ni programu ambayo unaweka majengo kwenye kiwanja na papo hapo unaona jua linafika wapi, upepo unapita vipi, kelele zinaingia wapi. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Tsinghua cha China walichapisha kazi ambapo mashine inajifunza kupanga makazi ili watu wafikie huduma na bustani kwa umbali mfupi, wakailinganisha na wapangaji binadamu, na pendekezo lao lenyewe lilikuwa binadamu atoe wazo la jumla alafu mashine ifanye ule upangaji wa kuchosha. Nadhani huo ndio mgawanyo sahihi wa kazi.

Faida yake halisi ni kasi. Programu za fizikia kama ENVI-met zinakokotoa hewa, joto na mimea kwa undani, na eneo dogo tu linaweza kula masaa mengi hadi siku. Modeli iliyojifunza inakadiria upepo ndani ya sekunde, kwa iyo mbunifu anajaribu mipango mingi kabla ya chai. Lakini ni makadirio, kwa iyo chuja nayo mapema, alafu mipango miwili mitatu iliyobaki ipeleke kwenye hesabu ya fizikia kabla ya kumwaga zege.

Shida iko kwenye lengo unaloipa. Chukua kanuni ya 3-30-300 ya mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk ya mwaka 2021: kila nyumba ione miti 3, kila mtaa ufunikwe na miti kwa asilimia 30, kila mtu awe ndani ya mita 300 kutoka eneo la kijani. Ni kanuni nzuri na mashine inazipenda namba. Sasa ukiiambia mita 300 tu, bila kusema ukubwa wala aina ya eneo, itatawanya vipande vidogo vya nyasi kila mahali mpaka sharti litimie, na hakuna mtoto atakayecheza pale. Ukiacha ipime umbali kwa mstari ulionyooka, itahesabu bustani iliyo ng'ambo ya barabara kuu isiyo na kivuko, mtu anaiona dirishani na kuifikia anatembea kilomita. Lazima umbali upimwe kwa njia za miguu, na lazima mtu mmoja mwenye kujua eneo akae na mpango huo akiuliza hapa pana ukuta, pale pana mto, huyu mzee anapitaje.

Jambo jingine, mashine hizi zinang'aa kwenye ardhi tupu. Miji mingi imeshajengwa, kila kipande kina mwenyewe, na kinachohitajika sio mchoro mpya ila kujua pale kati ya duka na mtaro panaweza kuingia mti au hapaingii kwa sababu ya bomba. Mradi wa Sidewalk Labs, kampuni dada ya Google, wa kujenga mtaa wa kisasa pale Toronto ulikuwa na watalamu na pesa, ukafungwa Mei 2020, kampuni ikataja hali ya uchumi kutotabirika, lakini kabla ya hapo watu walishabishana miaka juu ya nani atashika data zao na nani ana sauti kwenye mji wao. Hayo maswali hayajibiwi na programu.

Mataa na chatiboti, kwa kifupi

Mradi wa Green Light wa Google unashauri muda wa mataa kwa kusoma mwenendo wa magari, na wenyewe wanakadiria unaweza kupunguza kusimama-simama hadi asilimia 30 na hewa chafu kwenye makutano hadi asilimia 10. Hizo ni namba za juu kabisa na zimetolewa na mwenye mradi, lakini hata nusu yake ni moshi mchache kwa watu wanaouza na kusubiri pale kona. Ila haikupi kivuli, na magari yakipita bila kukwama yanaweza kuongezeka. Usiiweke kwenye fungu la miti.

Chatiboti itumie kuandika barua, kufupisha maoni ya wakazi mia kadhaa, kukusaidia msimbo wa Earth Engine (jukwaa la Google la kuchakata picha za satelaiti) au kukuelekeza hatua za QGIS (programu ya bure ya ramani) pale umekwama. Usiiulize upande miti gani ukaishia hapo, inaweza kukutajia kwa kujiamini kabisa mti ambao mizizi yake inapasua mabomba au ambao ni vamizi eneo lenu, muulize mtu wa kitalu na mtaalamu wa mimea. Inachoweza vizuri ni kupokea orodha ya miti uliyonayo na kuipima na kanuni ya mtaalamu wa miti Frank Santamour ya mwaka 1990, spishi moja isizidi asilimia 10, jenasi moja isizidi 20, familia moja isizidi 30. Kanuni hiyo ina sababu nzito. Miji ya Marekani iliyojaza miti ya ash barabarani ilikuja kuipoteza kwa makundi baada ya mdudu aitwaye emerald ash borer kugunduliwa Michigan mwaka 2002.

Na kuhusu umeme wa hizi mashine, shirika la nishati la kimataifa IEA linakadiria vituo vya data duniani vilitumia kama asilimia 1.5 ya umeme wote mwaka 2024, na matumizi yanapanda haraka. Kwangu hii ni sababu nyingine ya kutumia ramani ambazo tayari zimeshatengenezwa badala ya kila mji kufunza modeli yake toka mwanzo.

Kwa hiyo uchague vipi

Kama wewe ni kikundi cha wakazi, chukua nukta na ramani ya mita 1, mtaa wenu na mtaa wa jirani wenye miti, weka picha mbili upande kwa upande. Ushahidi wa aina hii una nguvu. Utafiti wa mwaka 2020 uliopima maeneo 108 ya miji Marekani ulionyesha mitaa ambayo zamani ilinyimwa mikopo ya nyumba ina joto la uso zaidi kwa wastani wa nyuzi 2.6 kuliko ile iliyopendelewa, na hapo hakuna aliyeweza tena kusema ni hisia za watu.

Kama uko idara ya mipango miji na pesa ni kidogo, usinunue programu ya kubuni. Weka pesa kwenye maji ya miche na watu wa kuitunza. Medellín, mji wa Colombia, walianza njia zao za kijani 30 mwaka 2016, mji unasema joto limeshuka kama nyuzi 2, na kazi hiyo waliifanya watunza bustani waliofundishwa, wengi kutoka familia zenye hali ngumu, hapakuhitajika AI ya kuchora. AI inayotazama ingewasaidia kuchagua pa kuanzia na kuona baada ya miaka kama majani yamebaki, kazi ya katikati ni jembe na mpira wa maji.

Inayobuni ichukue yule mwenye eneo jipya linaloenda kujengwa kweli, mwenye mbunifu wa kuikosoa, na ambaye wakazi wake wameshakaa wakasema wanataka nini kabla mashine haijawashwa.

Na yeyote atakayeletewa ramani ya AI na kampuni, aulize tarehe za picha, aulize nani anabaki na data mkataba ukiisha, na aulize usahihi. Watakutajia asilimia moja ya mji mzima, kubwa na ya kuvutia. Waombe waigawe: usahihi wa mitaa iliyobanana peke yake, na wa mitaa yenye nafasi peke yake. Kama hawana hizo namba mbili, wape wiki wakazitafute kabla hujasaini chochote.